Hongera, Kiti Ni Chako

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi ametangaza leo: baada ya onyesho la muziki la Jumamosi, atamtaja mkuu wa kitengo chetu cha programu. Kitengo kina watu wawili. Mimi, na yule ninayemwita Kufuli. Kwa hiyo ni mimi!

Nimempigia mama mkwe kumwambia nimeshateuliwa. Nimetangulia kidogo tu. Amepiga vigelegele hadi mke wangu akasikia kutoka jikoni na kuuliza kuna nini. Nikasema mama yako ana furaha zake.

Jumanne, 4 Machi

Mfumo wa kuuza viti vya ukumbi wetu ni kazi ya Kufuli, na ndiyo asili ya jina. Mtu mmoja akianza kuchagua, mfumo wake unafunga ukumbi mzima mpaka amalize. Wengine wangoje. Na kuna watu wanachagua kiti kama wanachagua mchumba.

Mimi nimeondoa makufuli yote. Sasa wanunuzi wote wanaingia kwa pamoja, kila mmoja anafanya kazi yake pembeni, kwenye nakala yake ya ramani ya viti. Mwisho kabisa ndipo kompyuta inakagua. Wawili wakigongana kwenye kiti kimoja, mmoja anapita. Wa pili, yote aliyofanya yanafutwa na anaanzishwa upya kwenye kiti kingine, mwenyewe hata hajui. Kazi hiyo nzima ya mnunuzi mmoja, ipite yote au ifutwe yote, ndiyo inaitwa muamala. Wataalamu wameandika kurasa nyingi kuhusu mipaka yake. Nimeziruka. Zilikuwa na hesabu.

Nikaongeza ubunifu wangu: ujumbe wa simu. "Hongera, kiti ni chako," pamoja na namba ya kiti. Nimeuweka ndani ya muamala, katikati, ili mteja apongezwe mapema.

Kufuli aliusoma, akajikuna shingo. "Kiti kitafutika, sawa," akasema. "Na ujumbe ambao umeshafika kwenye simu ya mtu, utaufuta vipi?"

Wivu huo! Nikamwambia ataelewa nikishakuwa mkubwa wake.

Alhamisi, 6 Machi

Mauzo yamefunguliwa. Watu wamemiminika, foleni hakuna! Mkurugenzi alipita akanigonga bega. Kufuli ameona kwa macho yake. Nimempiga bao.

Mchana Mkurugenzi akaniita. Anataka safu nzima kwa ajili ya ukoo wake, lakini anapata hongera tu. Kila akikaribia kumaliza, mnunuzi wa kiti kimoja anachomoza katikati ya safu. Muamala mrefu wa Mkurugenzi unafutwa wote, unahamia safu nyingine, unafutwa tena. Mifupi inapita, mrefu unarudi mwanzo. Kufuli akaninong'oneza kwamba na hilo limo kwenye zile kurasa. Nikamweleza Mkurugenzi kwamba hongera nyingi ni dalili ya heshima. Simu yake ikalia tena. Akaondoka akiitazama.

Jioni mama mkwe kapiga. Kanunua tiketi moja, kapata hongera za viti chungu nzima. Anasema sasa ameamini mkwe wake ni mtu mkubwa. Anakuja na wenzake wote wa kikundi cha ushonaji. Sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeumbuka! Kiti cha katikati, safu ya mbele, kilikuwa na wenyewe kibao, kila mmoja ameinua simu yake. Ukoo wa Mkurugenzi umejipanga ukutani na hongera zao, hawana pa kukaa. Nikajificha nyuma ya pazia la jukwaa. Mama mkwe akaviona viatu vyangu.

Alikuwa bado ananivuta mkono nitoke Mkurugenzi alipofika. Hakupandisha sauti. "Mkuu wa kitengo ni mwenzako, kuanzia sasa. Wewe chukua funguo, kaa mlangoni, ingiza mtu mmoja mmoja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akanitazama, akamtazama Mkurugenzi, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, ungeniambia tu," akasema. "Mimi nimekuja kucheza, sikuja kuangalia cheo."

Ni yeye aliyewashawishi wanamuziki wahamie uani. Washonaji wakaanza kubeba viti nje, kila mtu akasaidia, na huko nje nani tena aulize namba? Mkurugenzi alicheza na shangazi zake, viatu mkononi. Mke wangu alinifuata mlangoni akanizungusha na funguo zangu zikilia kiunoni. Kufuli alicheza vibaya kuliko wote. Nilifurahi sana, sikatai.

Jumatatu, 10 Machi

Kufuli, yaani mkuu wangu, yuko kwenye kikao. Ameniachia kazi moja: nimpangie kila mteja kiti cha bure kwenye onyesho lijalo na kumtumia ujumbe wa kuomba radhi. Amesisitiza nitumie makufuli.

Nimeyafikiria makufuli kwa haki kabisa. Yanachelewesha. Watu wameudhika, wanastahili radhi mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo radhi nimeiweka ndani ya muamala, katikati. Nimebonyeza.

Ofisi ya Mkurugenzi iko upande wa pili wa ukuta. Nasikia simu yake ikilia. Radhi imefika! Inalia tena. Na tena. Sasa nasikia mlango wake, na viatu vinakuja huku kwa kasi. Nimeiweka sawa kola yangu. Nadhani anakuja kunirudishia cheo.