Ukuta Mweupe wa Bibi Esha

Jumatatu, 8 Machi 1999. Waa.
Barua ya Dakta Hannah, msimamizi wangu wa shahada ya uzamili katika uhifadhi wa majengo ya kale. Atakuja Ijumaa kukagua jengo la kale nitakaloandikia tasnifu. Nisipokuwa nalo, nirudi kwetu Bongwe nikalime. Nthambi, ninayesoma naye, kapata nyumba Msambweni yenye mlango wa nakshi. Anavyojivuna! Mimi sina hata kizingiti.

Jumanne, 9 Machi
Nimepata! Kumbe nauegemea kila siku: ukuta wa uani kwa Bibi Esha, mwenye nyumba wangu. Ni wa mawe ya matumbawe, una daka la kuwekea taa. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza ukuta una umri gani. Akasema aliukuta alipoletwa bi harusi, na mama mkwe wake naye aliukuta. Kasoro moja: mweupe pe! Hupakwa chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Nani ataamini ni wa kale?

Alhamisi, 11 Machi
Bibi alikuwa harusini Msambweni tangu jana. Nimekwangua kwa panga siku mbili. Chokaa ilianguka vipande vinene kama maganda ya muhogo. Kisha nikaupaka matope na maziwa lala, ili uote ukungu. Miaka mia tatu kwa siku mbili! Alasiri Bibi akarudi, akashika kichwa. Akauliza, mgeni wangu aje akute ukuta huu, watu watasemaje? Akakoroga chokaa. Kabla ya magharibi, mweupe pe.

Ijumaa, 12 Machi
Dakta Hannah alisogeza mtungi wa maji pembeni, mahali panga halikufika. Akabandua kipande kidogo, akahesabu kwa kioo cha kukuzia. Matabaka sitini na moja! Kila mwaka mkono mmoja wa chokaa. Akasema hii ndiyo historia ya wanawake wa nyumba hii. Ukuta mzima hivi ungekuwa tasnifu. Akauliza chokaa nyingine iko wapi.

Bibi Esha alinitazama. Akasema polepole kwamba mikono ya marehemu mama mkwe wake ilikuwa humo. Niliona haya mno. Hata hivyo akanitetea, kwamba mtoto wa watu hakujua. Nimepewa wiki mbili nipate jengo jingine. Kile kipande cha chokaa kapewa Nthambi akichunguze.

Jumamosi, 13 Machi
Dawa imepatikana! Gunia la chokaa, brashi mbili, jua la Waa. Tabaka moja kila nusu saa. Niko la tisa. Bibi Esha amepita akauliza kama Ramadhani imerudi. Nimemwambia atulie, bado hamsini na mbili.