Msirudie Mchezo Niliokwisha Kuusimulia

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa kinyozi wa mtaa wa nyuma ya kituo chenu cha redio, mlango wa kijani, kiti kimoja. Karatasi yenu ya vipindi vya msimu wa joto imenifikia. Bendi ya jioni bustanini nimeipenda, na mazoezi ya viungo kwa wazee ni jambo jema. Kilichonitoa jasho ni kipengele cha nne: kwamba mchezo wa “Ngazi za Nyumba Kubwa” utarudiwa wote, tangu mwanzo, kila siku saa tisa alasiri.

Nieleze mapema usije ukanidhania vibaya. Mchezo huo uliporushwa mara ya kwanza, kila Jumanne, wateja wangu walikuwa njiani kutoka kazini. Basi mimi niliusikiliza dukani, na Jumatano nikawasimulia. Wiki ya tatu redio yangu ikafa, na fundi akasema kipuri chake hakipatikani tena. Mteja ameshapakwa povu, ananiuliza jana ilikuwaje. Ningemjibu nini? Mwenye wembe mkononi hasemi hajui. Nikasema. Wiki iliyofuata nikasema tena, na hivyo hivyo mpaka miaka miwili ikaisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi yenu inasema daktari anaoa katika sehemu ya mwisho. Daktari huyo nilimzika wiki ya tisa. Mwashi mmoja alisimama dakika nzima kumwombolezea, ndevu nusu zimenyolewa, nusu bado. Leo mnamfufua ili mwashi anione mimi nani?

2. Mnasema nyumba inaungua. Kwangu ilipakwa rangi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mama mkwe wa kwenye mchezo, kwa maneno yenu, ni mchoyo na mchonganishi, na ndiye anayeichoma nyumba. Ndugu yangu, kwangu mama huyo ni mtu wa peponi. Alimpa mkwewe figo. Nilimtengeneza hivyo kwa sababu mama mkwe wangu mwenyewe, aliyenikataa tangu siku nilipomposa binti yake, akidai kazi ya unyozi haina mbele kwa kuwa wanaume wote mwisho wao ni upara, alianza kuja kila Jumatano kukaa kwenye benchi langu. Baada ya figo alitabasamu. Kufikia sehemu ya arobaini aliniita mwanangu, na siku hiyo nilimkata mteja sikio kidogo kwa furaha. Sasa amemwambia mke wangu kwamba marudio yenu hatakosa hata moja. Akiyasikia, nitarudi kuwa “yule kinyozi”, nami sitaki kurudi huko.

4. Nikilitazama vizuri, kosa ni lenu. Mtaa mzima umezoea mambo kuwa hivi, ninyi mnakuja na ya kwenu. Mzushi hapo ni nani?

Kwa hiyo naomba mchezo uondolewe, saa tisa mtupigie bendi. Ikishindikana, waigizaji warudi studio waigize wa kwangu. Nitawasimulia huku nikiwanyoa. Hilo nalo likishindikana, mtangazaji aombe radhi kabla ya kila sehemu kwa upotoshaji.

Nisalimieni mafundi mitambo, msomaji wa habari mwenye kikohozi, na mlinzi wa getini, ambaye nywele zake nimeziona na sikuzipenda.

Wenu kwa masikio na ndevu,
Kinyozi wa Mlango wa Kijani

Baada ya sahihi: Barua hii niliiacha kwenye meza ya vitana nikaenda kuchota maji. Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameshavaa miwani na ameimaliza. Nilitamani sakafu inimeze. Akaivua miwani, akasema, “Mwanangu, redio yangu mimi haijawahi kufa. Jumanne nilikuwa nasikiliza ya kwao, Jumatano nakuja kwako. Yule mama yao ningemvumilia vipi bila wako?” Mwashi naye, mama mkwe anasema, alikuwa anajua kwamba natunga; alisimama ile dakika kwa sababu aliniona nalia. Basi msiondoe chochote. Ila usogezeni uwe saa nane, maana saa tisa wateja wanataka nianze upya tangu sehemu ya kwanza, na mama mkwe ameomba safari hii yule mama wa kwangu abaki na figo zake zote mbili. Nimemkubalia.