Farasi wa Malkia na Chumba cha Saa

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji anakitaka chumba changu! Huyu kaka wa mke wangu alikuja kwetu kupumzika kidogo, na tangu hapo analala kwenye kochi la sebuleni, miguu ikining'inia. Leo kalalamikia mgongo. Mke wangu akasema chumba kidogo kingemfaa. Chumba kidogo! Ndiyo karakana yangu. Ndimo ninamotengenezea saa za watu, ndimo zilimo bisibisi zangu na amani yangu. Nikajibu kiume: tucheze sataranji Jumapili, mshindi achukue chumba. Shemeji akakubali huku anatafuna karanga. Mke wangu akauliza nimejua sataranji tangu lini. Nikasema tangu zamani. (Najua drafti. Tofauti ni ndogo.)

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, bingwa wa mtaa. Sikumwambia kwamba sijui kucheza. Mtu ana heshima yake. Nilimwuliza tu, kwa kuzungukazunguka, angemfungulia vipi mchezo mtu mwenye majivuno. Akasema wengi huanza na farasi wa upande wa mfalme, kwa hiyo kila mtu ana jibu lake. Mtoe mapema farasi wa upande wa malkia, mpinzani abaki anakuna kichwa. Sawasawa!

Nyuma yangu wateja wawili walikuwa wanacheza kwenye benchi. Nikawatazama kwenye kioo tangu wembe hadi poda. Nimeshika yote: mfalme anakaa wapi, malkia wapi, farasi anarukaje. Kinyozi aliniuliza mtindo gani, nikaitikia bila kusikia. Nimerudi nyumbani na upara.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi, kwa kete za kuazima. Malkia nampanga kulia kwa mfalme, kama nilivyoona. Farasi wake namtoa, namrudisha, namtoa tena. Mkono umezoea, sasa naweza hata nikifumba macho. Mteja alikuja kuchukua saa yake ya ukutani, nikamwambia arudi wiki ijayo. Nimecheza peke yangu pande zote mbili na nimeshinda kila mara.

Mke wangu alichungulia akasema marehemu baba yao, akicheza kete nyeupe, alimweka malkia kushoto. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo yamebadilika.

Alhamisi, 7 Machi

Hila! Nimesimama dirishani nikamwambia jirani, mke wa fundi bomba, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwamba Jumapili naanza kwa kumtoa malkia. Nilijua yatafika. Yamefika kabla vyombo havijakauka. Shemeji kaja mlangoni kuniuliza kama ni kweli, na kama malkia wangu atawaruka askari waliosimama mbele yake au atawaomba njia. Wakacheka, yeye na dada yake. Nami nikacheka, tena zaidi yao. Baadaye nikaenda kuangalia ubao kujua tulikuwa tunacheka nini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemkuta shemeji anapima mlango wa karakana kwa kamba. Anataka kujua kama kitanda kitapita. Kitanda gani? Mke wangu ameshaagiza kitanda! Nyumba nzima hakuna anayeniamini, na inauma, sitaficha. Kile ndicho chumba pekee ambamo hakuna anayeniambia ninyanyue miguu apige deki.

Jumapili, 10 Machi

Kinyozi ndiye alikuwa mwamuzi. Nikapanga kete. Akazitazama, akauliza nani kanifundisha kupanga vile. Nikamwambia yeye. Akasema haiwezekani. Ikabidi nieleze habari ya kioo. Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kwenye kioo kulia ni kushoto! Akaugeuza ubao, akabadilisha mfalme na malkia, akanipa kete nyeupe, akasema nianze.

Mkono ukaenda wenyewe kulia. Farasi huyo, karuka. Wa mfalme! Kinyozi akakohoa. Lakini mimi si mtu wa kuyumbishwa: nimesema wa malkia, basi ni wa malkia. Zamu ya pili nikamrudisha yule nyumbani. Ya tatu nikamtoa mwenzake. Wakati huo askari wa shemeji walishajaa katikati kama wako sokoni. Mmoja akamsukuma farasi wangu, akakimbia. Mwingine akamsukuma, akakimbia tena, mpaka pembeni kabisa mwa ubao, na huko akabaki. Mfalme wangu alifungwa kabla chai haijapoa.

Kinyozi akasema ile hatua ya kwanza, ya kukosea, ilikuwa nzuri sana, na ndiyo pekee nzuri niliyocheza. Ningemwacha tu farasi wa watu pale alipo! Alisema hayo mbele ya mke wangu. Shemeji akaniomba nimshikie upande mmoja wa kitanda.

Jumatatu, 11 Machi

Meza yangu iko kwenye korido, kati ya bafu na jiko. Kila anayepita ananigonga kiwiko. Springi ya saa ya mteja imerukia kwenye ndoo ya nguo na sijaiona tena. Kutoka chumbani kwangu nasikia mkoromo, saa nne asubuhi!

Nimetafakari sana. Kosa halikuwa langu. Farasi mmoja ni mpweke, watu wanamwonea. Lazima watoke wote wawili, tena mapema. Shemeji alipoamka nikamtaka turudiane Jumapili: nikishinda, narudi karakana, nikishindwa, korido ni yake, aweke baiskeli. Kakubali kabla sijafunga mdomo.

Na safari hii mke wangu ananiamini, hata kama hasemi. Amemwita seremala apime kibanda huko nje, kando ya tangi la maji. Seremala akapita kuniuliza meza yangu ya saa ina upana gani. Mafundi kwa udadisi! Nikampa vipimo. Maskini shemeji, huko nje kuna baridi.