Darasa Langu la Kuacha Tumbaku

Jumatatu, 2 Juni
Nimerudi kutoka zahanati nikiwa na hasira. Mganga Danstan anataka kujua njia ipi inawasaidia zaidi watu wa Nyakahura kuacha tumbaku: kuwakusanya darasani au kuwafuata majumbani. Majaribio ya mwezi mmoja. Njia itakayoshinda itaendelea, nyingine itafungwa. Darasa nimepewa mimi, Mwalimu Rogasian, miaka thelathini na minne ya chaki. Nyumba kwa nyumba amepewa Deodata, mhudumu wa afya. Nilimfundisha darasa la nne. Kugawanya kulimtoa machozi.

Amenisalimu vizuri, shikamoo mwalimu. Kisha, mbele ya mganga, akauliza kama mama Tecla bado anavuta kiko. Nikamjibu kwamba mke wangu ni shughuli yangu. Tecla anakohoa tangu Pasaka. Nimemwandikisha wa kwanza kwenye rejista. Sikumuuliza. Mgonjwa haulizwi.

Alhamisi, 5 Juni
Somo la kwanza, na sasa Alhamisi zote ni zangu. Tecla amegoma. Amesema amenisikiliza miaka arobaini na bado anavuta.

Walikuja kumi na wawili. Nikawapangia viti kwa alfabeti, kama inavyopaswa. Baada ya Juvenali anafuata Kwandu. Bahati mbaya Juvenali amemwoa binti wa Mama Kwandu, na kwao Usukuma mkwe na mama mkwe hawakai hata chumba kimoja. Mama Kwandu alipotokea mlangoni, Juvenali alitoka kupitia dirishani. Mama akajifunika kanga usoni na kuondoka. Wanawake watatu wakamfuata, wakisema mwalimu amekosa adabu. Mimi!

Nikawaeleza saba waliobaki, kwa saa nzima, kwamba moshi hautambui ukwe.

Jumatano, 11 Juni
Wanawake wote wanne wamehamia kwa Deodata. Usaliti mtupu.

Nimejificha kwenye migomba ya Mama Kwandu nisikie huyo binti anafundisha nini. Hafundishi kitu. Amekaa chini anapukuchua maharage na mwenyeji wake. Akauliza hamu ya kiko humshika saa ngapi. Mama Kwandu akasema akishamaliza ugali. Deodata akamwambia basi akimaliza ugali ashike maharage, mikono isikae bure. Hiyo nayo ni elimu? Mapafu hayakutajwa hata mara moja. Kisha Mama Kwandu akapaza sauti kuelekea migombani: mwalimu atoke huko, siafu watamla, na maharage yake yapo.

Nilipofika nyumbani nikaongeza majina matatu kwenye rejista: Bartholomayo, Felisiani na Marcel, wote wanakwaya. Hawajawahi kuvuta. Huu si udanganyifu. Mwisho wa mwezi wataulizwa kama wanavuta, watasema hapana, na watakuwa wamesema kweli.

Alhamisi, 19 Juni
Masomo yangu ni ya saa mbili, kwa hiyo nilikuwa nimewapa mapumziko ya dakika kumi. Wote huenda nyuma ya choo, pamoja, kwa utaratibu. Nilidhani ni nidhamu.

Leo nimewafuata. Saba wa zamani walikuwa wamewazunguka wanakwaya wangu, wakiwaelekeza namna ya kuvuta bila kukohoa. Felisiani akasema, kwa adabu zote, kwamba somo ni refu sana na huku nyuma kuna mazungumzo mazuri. Nimewatukana kwa Kiswahili fasaha.

Nyumbani nimemkuta Tecla na ungo wa maharage. Sisi mwaka huu tumelima mihogo tu. Nikauliza yametoka wapi. Akasema kwa mtu.

Jumatatu, 30 Juni
Matokeo. Deodata alikuwa na tisa, sita wameacha. Mimi nina kumi, hakuna aliyeacha, na watatu wameanza. Danstan amesema kwa upole kwamba hajawahi kuona tiba inayoongeza wagonjwa. Darasa limefungwa.

Katika wale sita yumo Tecla. Siku kumi na tisa bila kiko. Deodata alikuwa akija kwangu kila Alhamisi, mimi nikiwa darasani. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kutoka zahanati, Tecla alipanda kilima bila kusimama wala kukohoa. Nilikuwa nyuma yake, nikihema. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema kama angeniambia, ningemweleza kwa saa nzima.

Sikulala mchana. Nimemwandikia mganga kurasa nne. Nimemfafanulia kwamba Tecla ahesabiwe upande wangu, kwa kuwa nisingekuwa darasani siku za Alhamisi, Deodata asingepata nafasi ya kuzungumza naye. Nimekiri pia kosa langu moja, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki: somo la saa mbili lilikuwa fupi mno. Darasa likirudishwa liwe la saa nne, bila mapumziko.