Kipimo cha Nahla Kwenye Falaj

Jumapili, 9 Novemba 2025

Nasema mie, anaandika Zabibu, anayenipikia. Yeye skuli kasoma, mie sikusoma. Nimemwambia aandike kila kitu, hata matusi.

Nina hasira! Mjukuu wangu Nahla anasomea uinjinia wa maji, digrii ya pili. Katia kipimo kwenye falaj yetu, mfereji wa maji ya mashamba hapa Nizwa, kinapima kina cha maji mpaka Alhamisi. Mwalimu akizikataa hesabu, mtoto anarudia mwaka mzima. Leo Hamoud, wakili wa falaj, mgawa zamu za maji, kaja mlangoni kunicheka. Ati mwanawe Asaad, anayesoma na Nahla, kipimo chake cha kule juu kimeonyesha sentimita sitini. Cha Nahla thelathini! Ati Nahla ajaribu upishi. Mlango nimeubamiza, nusura nimbane vidole. Bahati yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Thelathini kwa sitini. Nusu! Nani ataajiri nusu? Mtoto kaomba kazi mara kumi na moja, kila mara anaambiwa asubiri. Nimemuuliza Zabibu, skuli kwao Tanga alama kubwa ni nzuri au mbaya? Kasema nzuri. Basi.

Baada ya adhuhuri, watu wamelala, tukatoka. Mawe manne, magunia mawili ya mchanga, kanga yangu kuukuu ya kuzibia matundu. Tumeziba falaj hatua chache chini ya kipimo. Zabibu akasema Bibi, hii dhambi. Nikamwambia shika gunia. Maji yakapanda mpaka mapajani mwangu! Nimelia kwa furaha.

Jumanne, 11 Novemba

Hamoud kaja anapiga makelele. Jana mchana ilikuwa zamu yake, na shamba lake halikupata hata tone. Mkononi kashika kanga inachuruzika maji. Kauliza ya nani. Nimesema wallahi siijui. Mtaa mzima huu wenye kanga ni nyumba yangu tu! Shetani yule kacheka.

Jumatano, 12 Novemba

Zabibu kanisomea kipimo, Jumatatu kilifika sabini na mbili! Asaad yuko wapi na sitini yake? Nimepika mkate wa kumimina, nikamngoja Nahla.

Kaingia, hakunipa shikamoo. Tangu aanze kusema hajawahi kuniacha bila shikamoo. Kakaa chini analia. Mwalimu kaona maji yamepanda ghafla Jumatatu, kauliza kama ilinyesha mvua. Mvua gani? Hesabu zote kazitupa. Nahla kasema Bibi, sikutaka maji mengi, nilitaka yalivyo.

Nimemwomba radhi. Mie! Marehemu mume wangu hakulipata neno hilo miaka arubaini.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimempigia simu mwalimu. Mawe yangu, kanga yangu, dhambi yangu, mtoto hana kosa. Na yeye asiwalize watoto wa watu! Kisha kampa Nahla siku tano nyengine, lakini kipimo kiende kwenye falaj ya mji wa Al Hamra, mbali na mie.

Nahla kanipa shikamoo. Kaniapisha nisikanyage Al Hamra. Nimeapa, na sitakanyaga.

Mabruka, mtoto wa dada yangu, anakaa huko, nyumba yake ukingoni mwa falaj. Nimempigia. Mawe mawili tu, madogo, moja leo moja kesho, mwalimu asione ghafla. Zabibu kagoma kuliandika hili. Nimemwambia andika!

Na Mabruka asitumie kanga.