Kiwanda cha Treni Ndogo na Mipango Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Tumefiwa. Si mtu, ni kampuni mama. Imefilisika.

Meneja mkuu hakuonekana kabisa. Aliyetutangazia ni meneja wa mauzo, yule tunayemwita Tai, kwa sababu hata jua likiwaka namna gani halegezi tai yake shingoni. Alipanda juu ya kreti uwanjani akatueleza kwamba kampuni mama, yenye magodoro na baiskeli na mambo mengine ambayo hata yeye hayajui, imeshindwa kulipa madeni na sasa iko mikononi mwa mfilisi. Sisi wenyewe hatuna kosa, alisema. Treni zetu zinauzwa. Lakini kiwanda chetu ni mali ya mama, na mali ya mama inauzwa yote.

Treni zetu ni ndogo. Kichwa cha treni kinakaa kiganjani, na mabehewa yake nyuma. Wanaonunua ni watu wazima wenye chumba cha ziada nyumbani. Ukiwaambia ni vya kuchezea wananuna.

Mama wa kufunga maboksi alilia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi rangi, aliuliza kama anaweza kurudi ndani maana rangi inamkaukia. Ndiye anayechora ile mistari ya dhahabu ubavuni mwa treni, myembamba kama unywele. Hajui kitu kingine duniani.

Mimi sikulia. Mimi ni mtunza stoo. Panapotokea msiba lazima awepo wa kurithi, na kiti cha meneja mkuu kiko wazi.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mfilisi amefika. Nilitarajia jitu. Ni mama mfupi, sauti ya chini, anakuja na chupa yake ya chai na kikombe chake, kana kwamba sisi tunaweza kumtilia sumu. Alipita kila chumba. Stoo alisimama mlangoni, akatazama droo zangu zilizojaa kuta tatu toka sakafuni hadi darini, akasema zimepangwa vizuri, mtu yeyote anaweza kuzielewa.

Mtu yeyote! Sentensi hiyo imeniharibia chakula cha mchana.

Akasema pia kwamba karibuni ataamua nani anahitajika na nani hahitajiki.

Nikafikiri. Kwa nini mtu yeyote anaweza kuzielewa? Kwa sababu zina lebo. Zisipokuwa na lebo, nani atazielewa? Mimi tu. Basi wenzangu walipotoka nilibaki na kitambaa na ndoo ya maji, nikabandua lebo zote, nikazichoma kwenye pipa nyuma ya choo. Mkono unauma. Roho imetulia. Mtu ambaye peke yake anajua kila kitu kilipo hafukuzwi.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Tai alipita stoo akauliza lebo zimeenda wapi. Nikamwambia tumeingia mfumo mpya. Akainamisha kichwa kwa heshima, akauliza kama mfumo huo unaweza kufika idara ya mauzo. Nikamwambia tutaona.

Mama wa maboksi aliomba skrubu ndogo. Nikampa papo hapo, bila hata kuangalia. Baadaye akarudi kusema ni springi. Mambo madogo.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Amepatikana mnunuzi! Mzee mmoja mwenye kofia ya pamba, mjane, aliyestaafu biashara ya mbao. Mke wake alipofariki alijaza treni kwenye chumba chake cha kushonea. Zote ni za kwetu. Mfilisi alimtembeza kiwanda kizima. Alipofika kwa shemeji alikishika kichwa cha treni kwa mikono miwili, kama kifaranga, akauliza ni nani aliyechora. Shemeji akainua mkono kama mwanafunzi.

Mzee akamgeukia mfilisi akasema mbele yetu sote, "Nakitaka kiwanda kama kilivyo, na watu wake."

Mama wa maboksi alilia tena, safari hii kwa furaha. Tai alinikumbatia. Tai yake ilinikwaruza shavu.

Sharti la mzee ni moja. Ijumaa anakuja kuona treni moja ikiundwa mwanzo hadi mwisho, kuanzia stoo mpaka kwenye reli. Ikitembea, anatia sahihi.

Nyumbani mke wangu aliimba akiosha vyombo. Sijamsikia akiimba tangu mvua za mwaka jana. Mimi niliwaza. Mzee akituchukua wote, kiti cha meneja mkuu atapewa Tai, maana ana tai. Kwa hiyo Ijumaa lazima nionekane mimi. Nimemwambia mfilisi kwamba kila kifaa cha siku hiyo kitatoka mkononi mwangu, na mtu mwingine asikanyage stoo. Alimimina chai.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Magurudumu. Siyapati magurudumu.

Niseme kweli, magurudumu nimeyapata. Nimeyapata mengi mno. Kuna ya aina ya zamani na ya aina mpya, na tofauti yake ni ndogo kuliko unene wa ukucha. Zamani lebo zilikuwa zinasema. Sasa nimeyamwaga mezani yananitazama yote sawasawa, kama mchele.

Shemeji alikuja akasimama mlangoni na kioo chake cha kukuzia. Alisema kazi yake imeisha mapema, tukikaa wawili tutayachambua yote kabla ya kufunga. Nikamwambia sihitaji. Nikikubali, watu watasema mtunza stoo amesaidiwa na fundi rangi. Akaondoka, akaniachia kile kioo mezani. Nimekijaribu. Kinafanya magurudumu yawe makubwa, lakini hakisemi ni yapi.

Nimechagua yale yanayong'aa zaidi.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Siku imefika na imepita.

Walikusanyika wote kuzunguka meza ya reli. Nilivaa koti. Nilimkabidhi shemeji vifaa kimoja kimoja kwenye sahani ya bati, polepole, ili mzee aone. Shemeji anaunda kwa pua. Macho yake yameisha kwa kazi hii, kitu kisipokuwa karibu na uso wake hakioni. Alipofika kwenye magurudumu akasita. Akaninong'oneza, "Shemeji, una uhakika na haya?"

Nikamwambia, "Stoo ni mimi."

Akayafunga.

Treni iliondoka vizuri. Nilianza kupokea pongezi moyoni. Kwenye kona ya kwanza ikaruka reli, ikaanguka sakafuni, mstari wa dhahabu ukachubuka. Wakairudisha. Ikaanguka tena palepale. Mzee aliinama mwenyewe kuiokota, magoti yakimsumbua, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu kila mtu alikuwa ameganda.

Akauliza nani aliyefunga magurudumu. Watu wote wakamtazama shemeji. Shemeji akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Pana bati linalovuja pale, lazima lishughulikiwe.

"Ni mimi, mzee," shemeji akasema.

Mambo yangeishia hapo, lakini mfilisi akaomba kuingia stoo. Akafungua droo. Akafungua nyingine, na nyingine. Akazifunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Kisha akamwambia mzee kwamba hawezi kumuuzia stoo ambayo hakuna anayejua ina nini. Itabidi iuzwe kwa kilo, kama chuma chakavu.

Mzee alivaa kofia yake. Tai alimkimbilia hadi kwenye gari.

Hakuna aliyeniambia neno baya.

Jumanne, tarehe 19 Agosti

Kiwanda kimefungwa. Mzee atachukua jina la treni na kalibu zake za chuma tu, za kumiminia mabehewa, aziweke kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba yake. Watu hawahitaji. Mfilisi alituita mmoja mmoja akatueleza kwa sauti ileile. Mama wa maboksi alibeba kandambili zake na kikombe, akatoka getini, akasimama barabarani kama aliyesahau nyumbani ni upande gani. Nilipopita nilimkuta bado amesimama.

Lakini kuna habari. Mzee anamtaka shemeji! Amemwambia mfilisi kwamba fundi aliyechora mstari ule aende tu, hata kama hajui magurudumu. Mke wangu aliposikia alikaa chini sakafuni jikoni akafunika uso kwa kanga. Shemeji mwenyewe hatambui mtu ng'ambo ya barabara, mwajiri gani mwingine angemchukua?

Mke wangu hajaniuliza kuhusu stoo. Shemeji hajamwambia. Mtu wa ajabu sana huyu.

Jambo moja tu linanikera. Amekubali haraka mno. Ameulizwa, akasema ndiyo. Hakuomba chochote! Mtu wa namna hii anahitaji mtu.

Alhamisi, tarehe 21 Agosti

Nimeenda kwa mzee. Shemeji sikumwambia, atashukuru baadaye.

Nilijitambulisha kuwa ndiye msimamizi wa mambo ya shemeji. Nikamweleza kwamba fundi huyu anatafutwa na watu wengi, jambo ambalo lingeweza kuwa kweli. Nikataja masharti. Chumba chake peke yake. Dirisha la upande wa asubuhi. Mtu wa kumshikia rangi. Na karakana iwe na mtunza stoo mwenye uzoefu, ikiwezekana wa ukoo huohuo.

Mzee alinipa maji. Akaniuliza kama ni shemeji mwenyewe aliyenituma. Nikamjibu kwamba huwa ananituma katika kila jambo.

Akaigeukia ile treni iliyochubuka. Kumbe aliinunua. Akasema, "Nilimdhania mtu wa kawaida. Haya, mwambie nimesikia."

Nimesikia! Mtu hasemi nimesikia kama hajakubali. Nimetembea hadi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili, tarehe 24 Agosti

Kimya. Mzee anapiga hesabu. Vizuri.

Shemeji alikuja kula mchana. Amenunua aproni mpya, akaileta tuione, mfukoni ina mahali pa kuweka brashi. Aliniuliza kama nimesikia siku ya kuanza kazi. Nikamwambia mambo yanapangwa. Mke wangu akauliza yanapangwa na nani. Nikasifu mboga.

Jumatano, tarehe 27 Agosti

Nimekutana na Tai mjini. Hakuvaa tai. Shingo yake ni kama ya kuku aliyenyonyolewa, nisingemtambua. Anasema mzee amechukua fundi rangi mwingine, binti aliyetoka chuoni, kwa sababu aliambiwa shemeji amevimba kichwa, anataka vyumba na madirisha. Tai aliniuliza ni nani angeweza kusema maneno kama hayo. Nikamwambia dunia imejaa wambea.

Nilipofika nyumbani shemeji alikuwa amekaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, na ile aproni kiunoni. Alikuwa ametoka kwa mzee. Mlinzi hakumfungulia, alimweleza tu kupitia geti. Mke wangu alisimama nyuma yake, mkono begani mwake, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeko mbali na macho yake ndiyo mabovu.

Shemeji akasema, "Kwa nini hukuniuliza?"

Nikamwelewesha. Nilimwambia kuhusu masharti, kwamba ukianza na mengi unaishia na ya kutosha, kwamba kosa ni la mzee asiyejua kupatana bei. Nilizungumza vizuri kuliko siku zote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya magoti, akaendelea kukaa.

Mke wangu alimpakulia yeye chakula. Mimi nilijipakulia.

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Hapa nyumbani pana jambo. Nikiingia, mke wangu na kaka yake wanaanza kuzungumza habari za mvua. Leo nimemkuta akipiga pasi shati la shemeji. Nikauliza la nini. Akasema lina mikunjo.

Nimeipata habari kwa Tai. Kuna karakana ya sahani nyuma ya soko, wanatafuta mtu wa kuchora maua kwenye kingo. Walimpa shemeji sahani moja ajaribu, wakaipitisha mkono kwa mkono. Kesho asubuhi anaonana na mwenye karakana. Tai alinisihi nisiseme nimeipata kwake, maana mke wangu alimwapisha.

Nimeelewa. Hawataki kunisumbua. Wanajua kichwa changu kina mengi. Ni watu wema, lakini hawajui dunia. Shemeji ataingia pale na sauti yake ile, atasalimia kabati akidhani ni bosi, watampa pembe yenye giza na atasema asante. Lazima mtu atangulie kumtengenezea njia.

Nimeshaulizia karakana iko wapi. Koti nimelipiga pasi mwenyewe. Yeye ameambiwa saa tatu. Mimi natoka saa moja.