Mvi za Makapteni wa Harmata

Jumatatu, 3 Machi

Barua mbili siku moja! Harmata wananitaka. Ikenga wananitaka. Mimi, Osarodion Aigbe, rubani msaidizi wa ndege za pangaboi, miaka kumi na moja kwenye kiti cha kulia, leo nagombewa kama mwali. Nimesoma barua zote mbili bafuni, nimesimama, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Kuchagua kampuni ya ndege si jambo la mtu mwenye papara. Wenzangu wanaangalia ndege mpya, sare, hoteli. Watoto hao. Mimi naangalia mvi. Wiki nzima iliyopita nimekaa na daftari kwenye mgahawa wa uwanja wa ndege, Ikeja, hapa Lagos, nikihesabu makapteni wanaopita. Kapteni akitimiza miaka sitini na mitano anashuka, atake asitake, na kiti chake cha kushoto kinabaki wazi. Harmata: kumi na tisa wenye mvi, wanne wenye vipara, watatu wanaopaka piko (imewachafua masikio). Ikenga: vichwa vyeusi tii, vijana watupu, hao hawang'oki leo wala kesho. Basi ni Harmata! Miaka mitatu tu nami niko kushoto.

Doa moja. Gbolahan naye kapata barua zote mbili. Tuliajiriwa kampuni yetu ya sasa wiki moja, mimi na Gbolahan Adepitan, na tangu siku hiyo hakuna kitu nilichokitaka ambacho yeye hakukipata kwanza. Tena hukipata huku anatabasamu.

Itohan, mke wangu, mimba ya miezi minane, kaniambia mambo ya mvi hayajui. "Chagua kampuni itakayokurudisha kulala nyumbani, mume wangu. Basi." Duka lake la dawa liko Surulere, hapa hapa Lagos, hawezi kulibeba kichwani. Nimemwahidi mtoto akija nitakuwepo, nimemshika mkono. Nimeapa kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda Harmata. Mkuu wa wafanyakazi ni Bi. Olowookere, mama mpole mwenye sauti ya mwalimu wa Jumapili. Kanieleza. Tunaanza watatu siku moja, tarehe 17: mimi, Gbolahan na dada mmoja anaitwa Ebiere. Nafasi za Lagos mbili. Nafasi ya tatu ni Sokoto.

Sokoto! Huko ni mwisho wa nchi. Ukivuka kidogo tu umeingia Nijeri.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, nani anachagua kwanza. Kasema mwenye namba ndogo. Hapo hakuna jipya. Kwa marubani namba ndiyo maisha: unapewa siku unayoingia, na aliye mbele yako anachagua mji kabla yako, likizo kabla yako, kiti cha kapteni kabla yako, mpaka mmoja wenu astaafu au afe. Nikauliza, na wanaoingia siku moja? Akatabasamu. Mkubwa kwa umri anatangulia.

Nilitaka kumkumbatia! Nina miaka thelathini na tisa! Gbolahan ana thelathini na saba, Ebiere thelathini na sita. Namba moja mimi! Nimeshuka ngazi nikiimba.

Nimefika getini nikakumbuka. Mimi sina miaka thelathini na tisa. Kwenye karatasi nina thelathini na mitano. Mwaka 2011 ufadhili wa kwenda kusomea urubani Zaria ulikuwa kwa walio chini ya miaka ishirini na minne, nami nilikuwa nimepita. Mama akaenda mahakamani Benin City akaapa nimezaliwa 1989. Nilimwona shujaa. Leo ndiye kanifanya namba tatu.

Nimekaa kwenye gari dakika arobaini, kiyoyozi kimewashwa, jasho linanitoka. Itohan sijamwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata njia. Gbolahan aondoke mbele yangu, mimi niwe wa pili, Lagos yangu.

Nimemkaribisha supu ya pilipili. Nimempamba, nimemvika kilemba cha ukoka mpaka nikaona haya mwenyewe. Nikamwambia mtu wa kipaji chake asijizike Harmata kwenye wazee. Ikenga ni kampuni ya vijana. Ikenga wana ari. Ikenga wana viti vya ngozi. (Sijui kama wana viti vya ngozi.) Akaacha kijiko, akaniuliza mbona mimi siendi huko. Nikamwambia Itohan hapendi rangi ya kijani ya sare yao. Akanitazama kwa huruma.

Kaniambia atafikiria. Kisha akanishika bega, akasema katika kazi hii hakuna anayemwambia mwenzake ukweli isipokuwa mimi. Supu ikanipalia.

Jumatatu, 10 Machi

Amekubali! Gbolahan kaikataa Harmata rasmi, anaanza Ikenga Jumatano. Nimenunua nanasi nikalila lote.

Saa tisa alasiri Bi. Olowookere kapiga simu, furaha tele. Nisiwe na wasiwasi, kundi letu bado ni la watu watatu. Nafasi ya Gbolahan imeshajazwa na mtu wa akiba, Alhaji Mukhtar Gwadabawa, rubani mstaafu wa jeshi. Nikauliza umri. Arobaini na sita.

Nimerudi palepale, namba tatu. Nanasi linanichoma tumboni.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Mama. Nimemweleza taratibu kwamba naomba aende tena kuapa, safari hii kwamba nimezaliwa 1985, jambo ambalo isitoshe ni kweli.

Kauliza kama nimeanza kunywa. Kasema aliweka mkono juu ya Biblia akamwambia Mungu 1989, na Mungu akanyamaza, na mambo yakaisha. "Sasa nirudi nimwambie nini? Kwamba nilikuzaa mara mbili? Osaro, mwanangu, uchungu wako mmoja ulinitosha."

Nikamwambia Sokoto ni mbali na mjukuu wake. Akasema na Mbinguni pia ni mbali, na yeye anataka kufika.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda mahakamani mwenyewe. Karani wa viapo hata hakuinua kichwa. Nimeapa, wamegonga muhuri, nimetoka nina miaka thelathini na tisa. Kwa mara ya kwanza tangu 2011 nimetembea na umri wangu mwenyewe mfukoni. Nilijisikia mwepesi. Magoti hayakuniuma hata kidogo.

Nimeipeleka hati kwa Bi. Olowookere. Kaisoma mara mbili, akafurahi. Kasema vizuri sana, ataiweka kwenye faili na nakala ataituma mamlaka ya anga leo hii, ili warekebishe leseni yangu. Bila shaka watapenda kujua kwa nini leseni ina tarehe isiyo ya kweli, na ni nani aliyeipeleka.

Leseni! Wakiichukua leseni sina hata Sokoto!

Nimeinyakua karatasi mezani kwake. Nimemwambia nimekosea, hii si yangu, ni ya kaka yangu. Akasema lakini jina ni lako, Osarodion Aigbe. Nikasema ndiyo, naye anaitwa hivyo hivyo, baba yetu alilipenda sana jina hilo. Akauliza kwa upole kama kaka naye ni rubani. Nikasema ni fundi viatu. Akasema angependa siku moja kumwona. Nimeikunja hati nikaiweka ndani ya soksi.

Jumamosi, 15 Machi

Gbolahan kaja na kapu la viazi vikuu, kuku wawili hai, na nguo za mtoto. Shukrani! Kwa ushauri wangu!

Siku ya kwanza tu Ikenga wamempa Lagos, nafasi ya mwisho iliyobaki. Na Julai anaanza mafunzo ya ukapteni. Julai hii! Nikauliza inawezekanaje wakati makapteni wao wote ni vijana. Akacheka. Kasema ndiyo maana: vijana wanaitwa Dubai na Doha kila wiki, wanaondoka kwa mafungu, viti vya kushoto viko wazi havina wa kuvikalia. Wenye mvi hawaitwi na mtu. Wanang'ang'ania mpaka siku ya mwisho.

Wiki nzima nimehesabu vichwa. Sikuhesabu viti.

Alipoondoka Itohan kaniuliza imekuwaje nimemshauri mwenzangu vizuri hivyo, halafu mwenyewe nikaenda kwingine. Ikabidi nimwambie yote, Sokoto na umri na soksi. Hakupiga kelele. Kaniuliza tu kama nitakuwepo mtoto akizaliwa. Kuku mmoja akajibu kabla yangu.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya uamuzi wa kiume. Nakwenda Ikenga! Mshahara ule ule, ukapteni upesi, na huko hawajali umri, wanapanga kwa tarehe ya kuingia tu. Asubuhi nimemwandikia Bi. Olowookere kwamba najitoa Harmata. Mchana nimewapigia Ikenga. Wamenikubali mara moja, nianze tarehe 24.

Nimeuliza kuhusu Lagos. Wamesema tutaona. Nimelipenda neno hilo. Lina matumaini.

Jumatatu, 17 Machi

Ebiere kapiga simu kunisikitikia. Leo Harmata wamechagua miji. Alhaji Gwadabawa kapewa karatasi kwanza, na bila kukaa kitini kaandika Sokoto. Ni kwao! Mkewe wa kwanza yuko huko, mbuzi wake wako huko, mji wa Gwadabawa wenyewe uko huko, kila mtu mwenye akili angejua kwa jina tu. Kasema miezi yote alikuwa anaomba dua asitokee mkubwa wake akamnyang'anya.

Lagos zote mbili zikabaki. Moja kachukua Ebiere. Nyingine kapewa kijana wa miaka ishirini na saba aliyeitwa jana jioni kuziba pengo langu.

Ningekaa kimya. Ningekaa kimya tu, kwenye kiti, na umri wangu wa uongo, Lagos ingenifuata yenyewe. Nimejipalia makaa kwa koleo langu mwenyewe. Nimelia kwenye gari, sioni haya kuandika. Kisha nimemwambia Itohan kwamba ni mafua.

Jumatatu, 24 Machi

Ikenga. Sare ya kijani imenibana kwapani. Viti si vya ngozi. Namba yangu iko chini kabisa, na mbele yangu kabisa, milele na milele, Gbolahan Adepitan.

Nafasi iliyobaki ni moja.

Sokoto.

Jumanne, 25 Machi

Joto. Alhaji Gwadabawa kanipokea uwanjani kwa mikono miwili, ananiita mdogo wangu. Kanionyesha mbuzi. Itohan kwenye simu kasema mgongo unauma kidogo tu, nisihangaike. Alivyosema "kidogo tu" sikupenda.

Jumatano, 26 Machi

Uchungu umeanza alfajiri, wiki mbili kabla! Nimekimbilia uwanjani nina kiatu kimoja cha kazi na kimoja cha nyumbani. Ndege ya kwanza ya Lagos imejaa. Kimebaki kiti cha kukunja nyuma ya marubani, na kumpa mtu kiti hicho lazima marubani wakubali.

Kwenye kiti cha kulia: Gbolahan.

Kakubali kabla sijamaliza kuomba. Kanifunga mkanda kwa mikono yake. Tulipofika juu kachukua kipaza sauti akawatangazia abiria wote kwamba kaka yake mpenzi, aliyemwelekeza njia ya maisha, leo anakuwa baba. Wakapiga makofi. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa. Nikatazama mawingu nikatamani mlango.

Nimefika hospitali baada ya saa tano, mtoto keshazaliwa. Binti. Ana nywele tele, nyeusi. Itohan alikuwa amelala, mkono uko nje ya shuka, umefunguka. Nimeuweka wangu ndani. Hakuamka. Niliapa nitakuwepo, na sikuwepo, na moyo unaniuma mpaka sasa ninapoandika.

Jumamosi, 29 Machi

Jana Itohan kanituma kazi moja tu: kumwandikisha mtoto apate cheti cha kuzaliwa. Mama amekuja kutoka Benin City, kasema atanisindikiza. Nimemwambia naweza peke yangu.

Bibi wa dirishani akauliza tarehe ya kuzaliwa. Kalamu yake iko juu ya karatasi. Swali dogo, lakini nani anajua uzito wake kama mimi? Akiwa mdogo, atapata ufadhili. Akiwa mkubwa, atatangulia kwenye orodha. Akienda Harmata anahitaji miaka, akienda Zaria anahitaji kupungukiwa. Nikamwuliza kwa heshima kama inawezekana kupewa vyeti viwili, vya tarehe tofauti, avitumie kadiri ya kampuni. Akaniambia nisogee, kuna watu nyuma yangu. Basi nikaomba kimoja, tarehe iachwe wazi kwa sasa. Akaita askari.

Nimerudi mikono mitupu. Nimewaeleza kwa utulivu kwamba haraka ya nini, tusubiri miaka minne mitano tuone soko la marubani linakwendaje. Itohan kamtazama Mama. Mama kajifunga kitambaa, kambeba mjukuu, akatoka. Karejea baada ya saa moja na cheti: tarehe 26 Machi, ile ile ya kweli. Kasema kiapo cha uongo alichomlia mtoto mmoja kinamtosha.

Nimekisoma mara tatu. Hakifutiki, nimejaribu kwenye kona kwa mate. Maskini binti yangu. Siku tatu tu duniani, na tayari ana umri mmoja tu.